Meza ya Kifaransa

Jumapili, 2 Machi

Wifi amefika leo. Begi moja, mwavuli mmoja, na manukato ya kutosha nyumba nzima. Mume wangu aliondoka alfajiri kwenda kumpokea, kana kwamba akichelewa dakika moja dada yake atarudishwa na basi lililomleta. Miaka kumi na moja alikuwa nchi za watu, akisuka nywele kwenye saluni ya wanawake wanaozungumza Kifaransa. Saluni imefungwa, naye karudi kwa kaka yake, yaani kwangu.

Mama mkwe alilia, akacheka, akalia tena. Watoto walimganda shangazi yao hadi wakasahau kula. Mimi nilikuwa jikoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Tutaona nitakavyopona.

Jumatatu, 3 Machi

Joto. Mvua bado.

Niandike hapa kazi yangu, maana nyumbani hakuna anayeniuliza. Nasoma prufu kwenye uchapaji. Kabla lebo haijapigwa chapa kwa maelfu, karatasi moja ya majaribio huletwa mezani kwangu nami nawinda makosa yake. Wateja wetu wengi wako ng'ambo ya mpaka, wanakozungumza Kifaransa, na kwa Kifaransa pale kazini hakuna mwingine ila mimi. Nilikisoma shule miaka minne, nikakiendeleza mwenyewe kwa vitabu. Kukisema, nakisema kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Kukiandika, nipe mimi.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Miwani, aliyestaafu mwaka jana. Desturi yetu ni yake. Prufu ya Kifaransa husomwa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti nakala aliyoleta mteja, mwingine anafuata kwa kidole kwenye prufu, neno kwa neno, na akiridhika anatia saini. Huyo wa pili tunamwita mshika prufu. Msomaji naye hasomi kama wenye lugha yao wanavyosoma. Anasoma kwa Kiswahili, kila herufi ipate haki yake. Beaucoup, yaani nyingi, wenyewe wanasema "boku" na kwisha. Sisi tunasema be-a-u-ko-u-pu. Kifaransa ni lugha yenye siri nyingi. Chukua eau, maji: herufi tatu, sauti moja tu, "o", na hiyo o yenyewe haimo kati ya hizo tatu. Ukisoma kama wao, herufi ikidondoka njiani hakuna sikio litakaloisikia. Ukisoma kama sisi, unaikosa palepale. Wapita njia wanacheka dirishani. Wacheke. Tangu niingie pale hakuna lebo yangu iliyorudi.

Tangu Mzee Miwani aondoke, nasoma mwenyewe na kushika mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza, ya ghafla, ya mawe kwenye mabati. Wifi akajitia wema akaniletea mwavuli kazini.

Alinikuta na Bosi na Mama Sabuni. Mama Sabuni ni mteja wetu mkubwa kuliko wote, ana kiwanda cha sabuni ng'ambo, na kila akija hunitoa jasho. Anaongea haraka, mimi namwomba arudie, anarudia, namwomba aandike. Leo alikuwa amefika pale pa kuandika. Nikawa namsomea alichoandika ili nihakikishe, kwa desturi yetu, herufi kwa herufi, naye akaangua kicheko. Akamwambia Bosi jambo ambalo nililielewa vizuri sana, kwamba nasoma kama anayehesabu mawe.

Hapo ndipo wifi akaingia na mwavuli unaochuruzika, akasalimia. Mama Sabuni akageuka kiti kizima. Wakaongea. Sijui nieleze vipi. Maneno yalikuwa yaleyale ninayoyajua, ninayoweza kuyaandika gizani bila kukosa, lakini yalipita mbele yangu kama wageni wasionijua. Wakacheka pamoja. Bosi akamtazama wifi kwa jicho la mtu aliyeokota.

Nilirudi nyumbani chini ya mwavuli wake, naye akalowa. Sikumwomba.

Jumanne, 11 Machi

Nilijua. Bosi kamwajiri wifi kwa msimu wa mvua, awe anapokea simu za ng'ambo. Kamwekea kiti chumbani mwangu.

Mume wangu alipiga makofi. Kasema nyumba yetu sasa ni ubalozi. Mama mkwe kasema siku zote alijua mwanawe ana ulimi wa asali. Nikauliza, mimi je, nina ulimi wa nini? Akasema, "Wewe una mikono mizuri, mama." Mikono.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimegundua jambo. Wifi hajui kuandika Kifaransa hata neno moja.

Simu ikilia anasikiliza, anacheka, anajibu, na huku anaandika. Nilichungulia karatasi yake. Ameandika kwa herufi zetu: "bokuu de savoo, see pur ma ser", yaani sabuni nyingi, ni za dada yangu. Kila neno kalivua nguo zote, limebaki sauti tupu. Alijifunza lugha kwa masikio, mikono ikiwa kwenye nywele za watu, hakuna aliyemwonyesha kitabu. Kisha anasogeza karatasi mezani kwangu, anasema, "Wifi, nivalishie haya." Nami nayavalisha: hapa u na p, hapa oe zilizogandana, pale wingi unaotiwa mwishoni na hautamkwi na mtu yeyote duniani.

Niseme ukweli wangu, leo nililala vizuri.

Jumatatu, 17 Machi

Usingizi ule haukudumu. Bosi alipita akatuona hivyo, yeye akisema, mimi nikiandika. Akamsifu wifi kwa kazi safi. Karatasi aliyokuwa ameishika ilikuwa na mwandiko wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Karatasi ghalani zimekunywa unyevu, zimevimba, zinaingia mashineni mbilimbili. Fundi Mashine ametukana kila kitu isipokuwa mama yake.

Alhamisi, 27 Machi

Bosi katuita sote, pamoja na Fundi Mashine, akatangaza. Mvua zikiisha anafungua meza ya Kifaransa. Chumba cha pembeni chenye dirisha, simu yake, cheo chake, kazi ya kudumu. Kila kitu cha ng'ambo kitapitia hapo, kusema na kuandika. Mtu ni mmoja. Atakayekosa, akasema bila kumtazama yeyote, kama ni wa msimu msimu wake utakuwa umeisha, na kama ni wa kudumu atabaki na kalenda na kadi za harusi.

Kalenda na kadi za harusi. Yaani nisisome tena Kifaransa maisha yangu yote pale. Nilikipata kwa shida, lugha hii. Nilikuwa nasoma huku nasonga ugali, huku nanyonyesha. Watu wengine wana dhahabu ya mama yao, mimi nina hiki tu, nacho kinaondoka na mtu aliyekiokota saluni.

Njiani wifi akaniambia nisijali, meza ni yangu, yeye hata jina la mtaa hawezi kuandika. Mtu akikuambia usijali, jua ameshakuona unajali. Nikanuna mpaka nyumbani.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeanza mazoezi. Bafuni, bomba likiwa wazi. Kwanza ile r yao ya kooni. Wifi akiitoa utadhani anacheka. Mimi nikiitoa utadhani nasukutua.

Alhamisi, 3 Aprili

Mume wangu kaniletea dawa ya kikohozi. Mama mkwe kanichemshia maji nijifukize. Nilijifukiza. Ningesema nini?

Jumatano, 9 Aprili

Sasa tunasoma prufu wawili, mimi na wifi. Bosi kaagiza, maana kazi zimezidi na Mama Sabuni ana lebo za sabuni mpya zinazokuja. Nasoma mimi, anashika yeye, maana asiyejua kuandika hawezi kunisomea nakala. Nilitegemea aone aibu. Badala yake alifurahi kama mtoto. Nilipofika kwenye beaucoup nikaitoa be-a-u-ko-u-pu, kidole chake kikatembea herufi moja moja, kikasimama. Akasema, "Kumbe ndiyo sura yake hii. Miaka kumi na moja nalisema, wifi, leo ndiyo nimeliona."

Nilitamani kumchukia zaidi kidogo lakini siku ile haikunipa nafasi.

Jumatatu, 14 Aprili

Alinieleza kuhusu herufi zilizolala. Anaziita hivyo yeye, kitabu changu kinaziita jina refu. Katika les amis, marafiki, ile s ya les, neno likiwa peke yake, imelala fofofo, lakini kwa kuwa neno linalofuata linaanza na irabu, inaamka na kusema z: "le-zami". Nilijua kanuni hiyo tangu shule, niliijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Sikuwahi kuisikia ikitokea mdomoni mwa mtu aliyeketi karibu nami. Nami nikamweleza kwamba nyingi kati ya hizo zilizolala zilikuwa zikitamkwa zamani sana, watu wakaziacha mdomoni wakazibakiza kwenye maandishi, kama vyombo vya marehemu ambavyo hakuna mwenye moyo wa kuvitoa kabatini.

Akasema mimi ningekuwa mwalimu. Tukanywa chai kwenye kikombe kimoja kwa kuwa cha pili kilikuwa na gundi.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Bosi kamnunulia wifi kiti chenye mgongo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mama Sabuni alipiga simu, mimi nikawahi kuipokea, wifi akiwa msalani. Nikasalimia kwa ile sauti ya bafuni. Akanijibu vizuri tu, maneno matatu, manne, moyo ukaanza kunipanda. Halafu nikakwama kwenye neno moja, nikalisoma kama lilivyoandikwa, akacheka akasema nimpe yule dada. Yule dada. Nikampa.

Nyumbani mume wangu akaanza hadithi ya jinsi dada yake alivyokuwa mdogo akiigiza sauti za majirani wote. Nikamwambia hadithi hiyo tumeshaisikia. Akasema hajawahi kuisimulia. Nikasema basi itakuwa niliiota. Akaniambia, "Mke wangu, wivu ni moshi. Unaowaliza ni waliomo ndani."

Maneno mazuri. Angemwambia dada yake apike basi, aone moshi.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua inapungua. Bosi kapaka rangi chumba cha pembeni.

Jumanne, 6 Mei

R imekubali. Imetoka yenyewe asubuhi nikipiga mswaki, laini, kwenye mahali pake. Nikaijaribu kwenye neno zima, kisha kwenye sentensi nzima. Nilisimama mbele ya kioo nikajisikiliza, nikasikia wifi. Si kidogo. Namna anavyoinua mwisho wa sentensi, namna anavyovuta pumzi kabla ya neno refu, vyote nimemwibia, na wala hajakosa kitu.

Jumatano, 7 Mei

Leo niandike polepole.

Lebo za Mama Sabuni zilikuwa tayari kwa kusomwa. Mwenyewe alikuja, maana karatasi zenye unyevu zilikuwa zimechelewesha kazi naye hakutaka kuondoka bila kuona mashine ikizunguka. Aliketi ofisini kwa Bosi. Kati ya ofisi ya Bosi na chumba chetu ni ubao mwembamba tu, hata mtu akifungua droo unaisikia. Na wiki hii ndiyo Bosi anaamua.

Wifi akavuta kiti chake chenye mgongo, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa prufu. Akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, soma kwa Kiswahili, taratibu. Hii ina maneno nisiyoyajua sura."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikakumbuka kicheko kile, mawe yale. Nikamwambia, "Mteja yupo hapo nyuma. Unataka anicheke tena?"

"Atacheka dakika moja, wifi. Lebo ni za mwaka mzima."

"Shika prufu," nikasema.

Akasema haya.

Nikasoma. Mungu ananiona, nilisoma vizuri. Kila herufi iliyolala niliiacha ilale, na zile za kuamka niliziamsha. Sentensi ziliteleza. Upande wa pili wa ubao mazungumzo yakakatika, na nilijua Mama Sabuni ananisikiliza, nikazidi. Nilipomaliza lebo ya mbele nikaenda ya nyuma bila kupumzika. Sikumtazama wifi hata mara moja. Niliutazama ubao.

Tulipomaliza wifi alishtuka kama aliyekuwa mbali, kisha akatia saini. Fundi Mashine akaja akachukua, na baada ya muda tukasikia mashine ikianza.

Mama Sabuni alipotoka alipitia kwetu. Nikasimama, nikajiweka sawa kitambaa. Akanipita. Akampiga wifi begani, akamwambia hajawahi kusikia lebo zake zikisomwa vizuri hivyo. Wifi akasema si yeye, akaninyooshea mkono, akasema ni wifi yangu huyu. Mama Sabuni akacheka, akasema dada una adabu sana, wenye kipaji ndivyo walivyo, akaondoka.

Nilibaki nimesimama. Hata sauti yangu ilikuwa imekwenda kwake. Wifi alinishika mkono akasema atamwandikia, atamweleza. Nikamwuliza, "Utamwandikia kwa herufi zipi?"

Nilimwona usoni kwamba neno limeingia. Na nilifurahi kwamba limeingia.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Wifi hajaongea nami tangu jana, ila kunisalimia.

Jumanne, 13 Mei

Shughuli za kawaida. Lebo zilisafirishwa tangu Alhamisi.

Jumatano, 14 Mei

Mama Sabuni amepiga simu kwa Bosi moja kwa moja.

Kwenye lebo ya mbele, pale panaposema kwamba sabuni inanukia kwa muda mrefu, neno la muda mrefu ni longtemps. Lina g isiyosemwa, na p isiyosemwa, na s isiyosemwa. Mpangaji wa herufi alidondosha g. Lebo zote. Nyingi zimeshabandikwa kwenye sabuni, na sabuni zimeshafika madukani, na watu wa kwao wanamwuliza kama kiwanda chake kinaendeshwa na watoto wa shule.

Ningelisoma kwa desturi yetu, lo-n-gi-te-mu-pi-si, kidole cha wifi kingekwama palepale kwenye g. Mtoto wangu wa mwisho angeisikia. Nililisoma kwa uzuri, likapita.

Bosi alituweka mbele ya meza yake. Aliweka prufu katikati. Akauliza saini ni ya nani. Wifi akasema ni yake. Akauliza ilikuwaje. Wifi akanitazama, akatazama sakafu, akasema, "Niliteleza, Bosi."

Nikasema, "Bosi, aliyesoma ni mimi."

"Msomaji kazi yake kusoma," akasema. "Mshika prufu kazi yake kushika. Nakuuliza tena, saini ni ya nani?"

Ilikuwa nafasi. Ningesema nilisoma kinyume cha desturi. Ningesema aliniomba nisome taratibu nikamkatalia, kwa kuwa nilitaka nisikike ukutani. Maneno yote yalikuwepo, kwa Kiswahili safi, lugha ambayo haina herufi ya kujificha nyuma yake. Nilisema, "Ya wifi."

Bosi akamwambia wifi msimu wake umeisha leo.

Jioni nilitembea nyuma yake njia nzima. Barabara ilikuwa imekauka.

Alhamisi, 15 Mei

Mume wangu aliniuliza, wewe ulikuwa wapi jambo hilo likitokea. Nikasema nilikuwa nasoma. Hakuuliza tena. Afadhali angeuliza.

Jumamosi, 17 Mei

Mama mkwe hanisemi vibaya. Ananipakulia kwanza, ananiita mama kama siku zote. Ila leo, akichambua maharage, alisema bila kuniangalia, "Mawifi hugombana, ni jadi. Lakini wa kwetu alikuwa hagombani."

Jumatatu, 19 Mei

Wifi anaondoka kesho. Kuna mwenzake wa zamani ana saluni mji mwingine, kampa kiti. Watoto wamelia. Mimi nilipanga nguo zake begini, maana mikono yangu ni mizuri.

Tulikuwa wawili chumbani. Nilitaka aniseme. Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi lolote, hata nilikuwa na majibu. Nikamwambia angalau kwa Bosi angetaja kwamba nilikataa kusoma kwa Kiswahili. Akakunja kanga, akaikunja tena.

"Hata ungesoma haraka vipi, ningekuzuia," akasema. "Ningesema rudia. Nina mdomo mimi, unanijua."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Kidole changu kilibaki mstari wa kwanza, wifi. Sikushika kitu. Nilikuwa nakusikiliza." Akacheka kidogo. "Nilijua kuhusu bafuni. Nyumba nzima inasikia bomba lile. Nikasema, leo kaweza, mwache amalize. Nilitaka kulia pale."

Majibu yote niliyoandaa yalikuwa ya matusi.

Jumanne, 20 Mei

Ameondoka. Ameacha mwavuli, amesema huko aendako hakuna mvua. Mume wangu alimsindikiza, akarudi, akalala bila kula.

Nimefikiria kwenda kwa Bosi. Nimefikiria tangu asubuhi hadi jua limezama. Nitakwenda kesho.

Jumatano, 21 Mei

Bosi alikuwa na wageni.

Ijumaa, 23 Mei

Nilikwenda. Nilisimama mlangoni nikasema nina neno kuhusu lebo. Akasema lebo zimechapwa upya na zimekwenda, hataki kuzisikia tena hadi afe, na kama nimekuja kuhusu meza, meza ni yangu, nianze Jumatatu. Akanipa ufunguo. Ningeweza kuendelea kusema. Mdomo ulikuwa wazi. Nikasema asante, Bosi.

Jumatatu, 26 Mei

Jua kali, mbingu nyeupe. Mvua zimekwisha kabisa. Chumba cha pembeni bado kinanuka rangi. Dirisha linaangalia ukuta wa jirani, lakini ni dirisha. Nimehamisha kamusi zangu, nimeziweka upande wa kulia. Fundi Mashine alipita akanipongeza, akasema mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia atoke, nina kazi.

Simu ililia kabla ya chai. Nikavuta pumzi, nikasalimia. Ikatoka laini, r na yote, mwisho wa sentensi ukainuka wenyewe.

Alikuwa Mama Sabuni. Akapiga kelele ya furaha. Akasema, ni wewe, dada! Akasema alikuwa na wasiwasi sana, maana alisikia kuna mtu kafukuzwa kwa ajili ya zile lebo, akamwambia mumewe Mungu aepushe isiwe yule dada mwenye sauti nzuri. Alijua aliyeharibu ni yule mwingine, yule anayesoma kama anayehesabu mawe. Alimwona siku ya kwanza tu akajua hafai.

Akauliza, "Yule ameondoka, sivyo?"

Nikamjibu, kwa Kifaransa kisichokwama popote, kwamba ndiyo, madamu, ameondoka.